MCHUMIA JUANI NA APATE KIVULI

Kila mmoja wetu anaijua methali "Mchumia juani hulia kivulini". Tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, tukilisifu jua tu. Leo hebu tukizungumzie kivuli.

Mzee wangu ni mlinzi wa usiku. Huingia kazini saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku zote saba. Piga hesabu: 12 mara 7 ni saa 84 kwa juma! Mwaka jana alianguka uani, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Daktari akasema ni presha. Majirani wakasema karogwa. Mama akawajibu, "Mtu halali, mnamtafutia mchawi wa nini?"

Mama hakukosea. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kuwa watu wapatao 745,000 walifariki mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo, kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Hatari yao ya kupata kiharusi huzidi ya wafanyao saa 35 hadi 40 kwa asilimia 35. Kwa nini? Kwanza, mwili usiopumzika hukaa kama uliotishwa: moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda. Pili, mchovu hukosa usingizi na mazoezi, akajiliwaza kwa sigara au pombe.

Je, kivuli ni hisani ya mwajiri? Hasha! Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi, wa 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka.

Nilipomsomea mzee hayo, alicheka. "Mwanangu, nikidai siku moja, wako kumi langoni wanaoitaka kazi hii." Sikuwa na jibu. Nilimwandikia barua ya kuomba likizo, kwa Kiswahili sanifu. Ameikunja akaitia mfukoni. Hajaipeleka bado.

ZOEZI
1. Hesabu saa anazofanya kazi mzazi au mlezi wako kwa juma.
2. Jadili: Haki asiyeweza kuidai mtu ni haki?