Madabodi mpya, leseni ya zamani

Swali: Stima ilirudi kwa kishindo hapa Spring Valley ikaunguza madabodi. Fundi wa barabara ya Luthuli amenifungia nyingine, sasa Windows yadai haina leseni. Ninunue upya?

Jibu: Pole. Ngoja kwanza. Ungebadilisha RAM isingejali, lakini Windows huijua kompyuta hasa kwa madabodi. Andika slmgr /dli kwenye kidirisha cha amri. Ukiona RETAIL, leseni inahama nawe: kama uliiunganisha na akaunti ya Microsoft mapema (Windows 10 inaruhusu tangu 2016), ingia, fungua kitatuzi cha uanzishaji, useme umebadilisha maunzi. Ukiona OEM, kawaida ya kompyuta za mitumba kutoka Uingereza, leseni imekufa na bodi yake. Nunua. Ila ufunguo wa bei ya chapati, uombee risiti uone muuzaji atakavyobabaika.