Ugomvi wa Mizanini: Kazi ya Pamoja Katika Pareto ya Molo

Huko Molo, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, baridi na ukungu hulistawisha ua la pareto. Zao hili lililetwa Kenya mwaka 1928, na kwa miaka mingi Kenya ilitangulia nchi zote kwa kuliuza. Kinachotakiwa na mnunuzi ni dawa ya kuulia wadudu iliyomo ndani ya ua, wala si uzito mtupu. Hapo ndipo ugomvi wa wachumaji unapoanzia.

Ua lifaalo kuchumwa ni lile lililokwisha kufunguka. Tumba huwa na dawa haba. Na maua yaliyolowa, yakishindiliwa guniani, hupata moto na kuharibika kabla ya kukaushwa. Lakini mchumaji hulipwa kwa kilo, na maji yana uzito. Mmoja akijaza kikapu chake matumba na umande, maua yake humiminwa pamoja na ya wenziwe, na siku ya malipo hasara huwa ya wote. Mkaushaji humlaumu mchumaji, mchumaji humlaumu karani wa mizani, karani naye humlaumu dereva aliyechelewa. Huenda kila mmoja ana sehemu ya kweli. Ila hapana aliyesema wakati maua yalipokuwa bado kikapuni.

Aghalabu wasimamizi hudhani kwamba dawa ya haya ni ukali. Sivyo. Mchumaji aliyetukanwa mbele ya watu kwa kikapu kilicholowa, zamu ijayo atayaficha maua kama hayo chini ya gunia, na jirani yake ataona, anyamaze.

Yafaa kila kikapu kikaguliwe mbele ya mwenyewe kabla ya kumiminwa. Maua yaliyolowa yatandazwe pembeni juu ya turubai, yakauke kidogo, ndipo yapimwe, ili mwenyewe asipoteze ujira wa siku nzima. Mizani isomwe kwa sauti, na hesabu iandikwe palepale. (Karani mwaminifu hana cha kuogopa, atapunguziwa masengenyo.) Tena isomwe kwa Kiswahili. Molo ina watu wa lugha nyingi, na machafuko ya mwaka 1992 na ya 2008 hayajasahauliwa. Neno lisemwalo mizanini kwa lugha ya kabila moja, lijapokuwa la mzaha, mwingine hulisikia kuwa ni njama.

Vilevile wachumaji waelezwe hesabu ya kukausha. Kilo 4 au 5 za maua mabichi hutoa kilo 1 tu ya makavu. Asiyejua hilo, akiona kilo 40 zimekuwa 9, husema moja kwa moja kwamba zimeibwa, na tangu siku hiyo hamwamini mkaushaji.

Liko tatizo jingine ambalo kikundi hakiwezi kulimaliza peke yake. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 malipo ya pareto yalichelewa mno, na wakulima wengi wakaiacha, wakapanda viazi. Fedha zikichelewa, wa kwanza kushukiwa huwa mwekahazina wa kikundi, hata kama hajapokea senti. Kwa hiyo ubao utundikwe mlangoni pa chumba cha kukaushia, na kila Jumamosi uandikwe upya: kilo zilizopelekwa, tarehe ya kupelekwa, fedha zilizopokewa, na fedha zinazodaiwa.