Wasiwasi wa Mpakani, na Namna Ninavyomkabidhi Mungu

Sisi tunaonunua mahindi na maharagwe Namanga na kuyauza Kitengela tunaujua wasiwasi vizuri. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya iliufunga mpaka na Tanzania kwa ajili ya Korona, ikaacha mizigo tu ipite. Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yakazuiwa kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, kisha baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti. Wakati huohuo ukame ulikuwa umeanza. Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, ng'ombe wa Kajiado wakafa, na wateja waliozoea kulipa baada ya kuuza mifugo hawakuwa na cha kuuza. Nililala macho wazi, nikihesabu madeni ambayo hayajafika.

Kilichonisaidia ni sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka. Waisraeli waliambiwa waokote mana ya siku moja. Waliobakiza ya kesho kwa hofu waliamka wakaikuta imeoza na kutoa mabuu, isipokuwa ile ya kuandalia Sabato. Nilielewa kwamba nguvu ninazopewa asubuhi ni za siku hiyo, na nikizitumia kupigana na mwezi ujao zitaisha kabla ya saa sita.

Kwa hiyo alfajiri, kabla ya kuwasha simu, nafungua daftari lilelile la madeni na kuandika kinachonisumbua kwa jina lake. Siandiki "maisha magumu." Naandika karo ya muhula huu, mteja wa Bissil ambaye hajalipa, gunia lililoingia unyevu. Kisha namsomea Mungu kwa sauti. Paulo aliwaandikia Wafilipi wapeleke haja zao pamoja na shukrani, naye alikuwa amefungwa minyororo, kwa hiyo naandika pia ninachoshukuru, hata siku ambazo kalamu ni nzito. Mwisho nachagua jambo moja ambalo mikono yangu inaweza kulifanya leo: kumpigia mteja, kuanika mahindi. Hilo nalifanya. Mengine nayataja tena mbele za Mungu na kulifunga daftari.

Usiku ndio mgumu zaidi. Kundi la simu la wafanyabiashara halilali: mara ushuru umepanda, mara malori yamezuiwa, na mengi ni uvumi tu. Nimejiwekea kwamba baada ya chakula cha jioni silifungui. Habari ya kweli nitaikuta asubuhi kwa wakala wa forodha.

Wako wanaohubiri kwamba mwenye wasiwasi hana imani. Siwakubali. Eliya aliomba afe, na malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo safari ikaendelea. Tangu nilisome hilo vizuri, siruhusu mama yeyote aje tuombe akiwa na njaa. Chai na uji kwanza.

Na usiombe peke yako daima. Katika ushirika wa akina mama nilitaja karo hadharani, huku nikiona haya. Dada mmoja alinikopesha, mwingine akanitafutia mnunuzi Isinya. Niliomba muujiza, nao ukaja kupitia watu ninaokaa nao kwenye benchi moja.

Lakini kama usingizi umekukimbia wiki baada ya wiki, moyo unaenda mbio bila sababu, au umeanza kutamani usiwepo, nenda hospitali mapema, na uendelee kuomba. Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa, wala hakuona kwamba kazi yake inashindana na maombi. Beba daftari, mwonyeshe daktari ulichoandika, na umwombe mmoja wa akina mama akusindikize, maana ukiwa peke yako ni rahisi kupata sababu ya kurudi nyumbani kabla hujafika.