SOMO LA WIKI: KILOMITA ZA MWISHO

Andiko la kusoma: Matendo ya Mitume 27:9-44

Somo hili nilitakiwa kulifundisha madhabahuni Jumapili ile ambayo sikuonekana. Wengi mliuliza mkaambiwa mzee amepata shida ya gari njiani. Gari halikuwa na shida yoyote. Shida nilikuwa mimi, na ndiyo maana nimeomba nafasi hii katika kijarida chetu niiseme mwenyewe.

Wengine wenu mmeliona lile basi dogo kuukuu nililonunua mwaka jana, mkadhani nataka kuingia biashara ya matatu. Tulitoa viti vyote 25. Fundi akatuwekea kitanda nyuma, kabati, tangi la maji na mahali pa jiko la gesi. Mama watoto akashona mapazia kwa leso zake za zamani. Yeye hulipatia jina la sanduku, mimi naita nyumba ya magurudumu. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameenda chuo, na baada ya miaka 31 ya ndoa tukaona twende safari, sisi wawili tu, mpaka Moyale.

Kwa nini Moyale? Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa lori. Alipita njia ile wakati ilikuwa mawe na vumbi kutoka Isiolo kwenda juu, magari yakisubiriana ili yasafiri kwa msafara pamoja na askari, na mtu akiaga nyumbani hasemi atarudi lini. Mke wangu alikua akisikia majina tu: Laisamis, Turbi, Dida Galgalu. Sasa barabara ni lami mpaka mpakani mwa Ethiopia. Akataka kuona kwa macho yake baba yake alikuwa akienda wapi.

Sitasimulia safari yote. Nitasema tu kwamba pale Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi usio na mti wa kujificha jua, tulisimamisha gari akashuka akasimama katika upepo kama dakika kumi bila kusema neno. Jioni tuliegesha ndani ya ua wa kanisa au karibu na kituo cha polisi, tukatoa vigoda viwili, tukapika chai, tukaongea. Wapendwa, niliongea na mke wangu kuliko nilivyoongea naye miaka kumi iliyopita. Yeye ndiye alihesabu, si mimi.

Sasa tuje kwa siku ya mwisho.

Ilikuwa Jumamosi. Tuliondoka Marsabit saa tatu asubuhi, ukungu bado uko mlimani, na mbele yetu zaidi ya kilomita 500 mpaka Nairobi. Tukateremka kwenye joto. Karibu na Merille tukapata pancha, na nati za gurudumu zikakataa kabisa kufunguka. Vijana wachungaji waliokuwa na mbuzi walikuja wakasimama juu ya spana kwa zamu mpaka zikalegea. Mungu awabariki, hata maji hawakutaka, tukawalazimisha. Saa mbili zikaenda hapo. Tukavuka Ewaso Nyiro pale Archer's Post, tukafika Isiolo mchana umeisha, na kuziba tairi kukachukua muda mwingine. Tulipopanda kuelekea Timau baridi ilianza, na Nanyuki tuliingia giza likishika.

Mke wangu akasema, "Baba, tulale hapa."

Nikamwambia, "Kesho nina ibada. Tuko karibu."

Kutoka Nanyuki mpaka Nairobi si karibu, ni kama kilomita 200, na mimi nilikuwa kwa usukani tangu asubuhi. Karatina akaniambia tena. Nikamjibu kwa ukali kwamba kazi ya Mungu haingojei usingizi wa mtu. Akanyamaza. Fikirini vile ilikuwa upumbavu: kitanda changu mwenyewe, chenye blanketi langu mwenyewe, kilikuwa mita mbili nyuma ya kiti changu, na mimi napigana na usingizi ili nifike kitanda kingine.

Baada ya Karatina barabara ina miteremko na kona. Sikumbuki nikifunga macho. Nakumbuka mataa ya trela, honi ndefu, na mke wangu akiniita kwa jina langu la kuzaliwa, ambalo hajaniita tangu tupate mtoto wa kwanza. Alishika usukani akauvuta kushoto. Magurudumu yakaingia changarawe, sufuria zikaanguka zote kwa kishindo, gari likasimama. Trela likapita. Halikusimama, na silaumu dereva yule.

Tukaenda polepole mpaka kituo cha petroli. Askari wa usiku akatuonyesha mahali pa kuegesha karibu na ukuta. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, sikuweza kuzima taa mara ya kwanza. Mama akawasha jiko, akapika chai. Nikadhani atanigombeza. Nilitamani anigombeze.

Aliponipa kikombe akasema, "Hata bila lile trela, mimi sikuwa nataka kufika. Nikifika nyumbani nitakupoteza tena. Simu zitaanza, kamati zitaanza, na mimi nitakuona mgongo ukitoka mlangoni. Kanisa lina mzee. Mimi sina."

Sikuwa na jibu. Nilichukua Biblia, si kwa sababu mimi ni wa kiroho sana, ni kwa sababu sikujua pa kuangalia. Somo nililokuwa nimetayarisha kwa Jumapili lilikuwa Matendo 27. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kuhusu dhoruba. Usiku ule nikaona kwamba nilikuwa nimesoma sura nusu.

Angalieni mstari wa 11. Paulo aliwaonya mapema, lakini yule akida Julio akasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Hata leo ni hivyo. Tunasikiliza aliye na cheo cha kuendesha, na yule abiria anayeona vizuri tunamwambia anyamaze. Ndani ya basi langu nahodha nilikuwa mimi, mwenye chombo mimi, na akida mimi.

Halafu mstari wa 27 na kuendelea. Ni usiku wa kumi na nne (wetu ulikuwa wa kumi na moja, sitaki mtu aseme natafuta miujiza ya hesabu). Mabaharia wanahisi nchi iko karibu. Wanapima kina, pima 20, kisha pima 15. Je, wanafanya nini wakijua nchi iko karibu? Hawaongezi mwendo. Wanatupa nanga nne nyuma ya chombo na kuomba kuche. Kukaribia ndiko kulikowaogopesha, kwa sababu miamba huwa karibu na nchi, haiko katikati ya bahari. Nimesikia mahubiri mengi yanayozipa nanga hizo majina: imani, tumaini, maombi, na ya nne kila mhubiri ana yake. Luka hakuzipa majina. Zilikuwa nanga za kushikilia chombo kisiende, basi. Wakati mwingine jambo la kiroho ambalo Mungu anataka kwako ni usimamishe gari.

Mstari wa 30 ulinichoma zaidi. Mabaharia walishusha mashua wakijifanya wanaenda kutia nanga mbele, kumbe wanatoroka. Kwa nje ilionekana ni kazi ya kuokoa watu. Nilijiuliza ni mara ngapi nimeshusha mashua yangu nikasema naenda kwa huduma, kumbe kuna mazungumzo nyumbani ninayakimbia. Sijamaliza kujibu swali hilo. Wazee wenzangu, nawaachia na ninyi.

Na kabla ya kuche Paulo anawaambia wale chakula. Watu 276, wamekaa siku nyingi bila kula, na mtumishi wa Mungu anachukua mkate, anashukuru mbele ya wote, anakula. Baadaye chombo kilivunjika, lakini watu wote walifika Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Hakuna aliyebaki majini.

Saa tano usiku nikampigia mchungaji simu, nikamwambia sitafika na kwa nini. Akanyamaza kidogo akasema, "Mzee, lala." Tukalala mpaka jua likatoka.

Jumapili hiyo tuliabudu katika kanisa dogo la mabati karibu na hapo. Tulikaa nyuma kama wageni. Hakuna aliyenijua, hakuna aliyeniita mbele, na mara ya kwanza kwa miaka mingi mke wangu aliimba ibada nzima nikiwa kando yake. Kilomita zile za mwisho tuliziendesha mchana, polepole, tukisimama kununua maembe Makutano. Tulikubaliana jambo moja kabla ya kuingia Thika.

Viongozi wa seli, msiharakishe somo hili. Wanandoa wakae pamoja, na kila mmoja amuulize mwenzake swali moja tu: ni nini ulishaniambia mara mbili na sikusikia? Anayeulizwa ajibu, na aliyeuliza asijitetee siku hiyo.

Lile basi sasa liko ndani ya ua wetu, karibu na lango. Jumanne jioni tunaingia humo na vigoda viwili na chai, na simu yangu inabaki ndani ya nyumba, imezimwa. Kwa hivyo, wapendwa, kama ni mambo ya kamati, nitafuteni Jumatano.