Walowezi na Kisetla Chao
Waingereza waliohamia Kenya walikaa wapi? Wengi walikwenda Njoro, Naivasha, Kitale na Nanyuki, kwenye mashamba yaliyotokana na ardhi waliyonyang'anywa Wamaasai na wengineo. Sheria ya 1915 iliruhusu wapewe hati za miaka 999! Jijini walikaa Muthaiga na Karen. Waafrika wakapangiwa huku Eastlands, Pumwani na Kaloleni. (Umoja yetu ilijengwa baadaye, miaka ya 1970.)

Je, walichangamana na wenyeji? Kidogo sana. Walikokutana hasa ni jikoni na shambani, mmoja akiamuru, mwingine akitii. Huko ndiko kilikokolea Kisetla, Kiswahili cha amri kisichojua ngeli: "Wewe lete kiti mbili, upesi!"

Lakini msicheke haraka. Si hapa mtaani pia twasema "kitabu yangu"? Naona tofauti moja: ukiniambia hivyo, naweza kukujibu vilevile. Mpishi wa mlowezi angethubutu?

Baada ya uhuru, 1963, wengi waliuza mashamba wakaondoka. Baadhi walibaki wakachukua uraia, na miongoni mwao wapo wanaokisema Kiswahili vizuri kutushinda sisi.