Orodha ya Programu Imejaa, Nifanyeje?

SWALI: Kompyuta yetu ya nyumbani hapa Mwanga, Kigoma, inatumia Windows 10. Nikifungua menyu ya Anza nakuta msururu wa programu, nyingine hata sizijui. Nifute tu?

JIBU: Taratibu, ndugu. Unachokiona pale ni njia za mkato. Ukifuta njia ya mkato, programu yenyewe inabaki kwenye diski. Ya kuondoa kabisa ondoa kupitia Mipangilio, sehemu ya programu. Yenye jina Realtek usiiguse, huenda sauti ikapotea.

Kupanga zinazobaki, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:programs, kisha bonyeza Enter. Kwenye dirisha litakalofunguka, tengeneza folda za Shule, Kazi na Michezo (ya watoto, bila shaka), kisha hamishia humo njia za mkato. Folda ndani ya folda usihangaike nazo: menyu ya Windows 10 haizionyeshi.