Sakiti breka ikikata umeme garini, tafuta sababu kabla ya kununua kubwa

Wafanyabiashara wadogo wanaokodisha magari ya safari yenye vitanda, jiko na friji mjini Arusha hutegemea kifaa kimoja kidogo ambacho wengi hawakijali mpaka kinapoleta hasara. Kifaa hicho ni sakiti breka ya betri ya pili. Ikikata umeme gari likiwa Serengeti, friji huzima, chakula cha wageni huharibika, na mwenye gari huanza kudaiwa fedha zake alizokwisha kupokea.

Magari hayo huwa na betri mbili. Ya kwanza huwasha injini. Ya pili hulisha friji, taa na pampu ya maji. Injini inapofanya kazi, alteneta huzichaji zote mbili kupitia waya mnene. Breka huwekwa kwenye waya huo, karibu na betri, ili ikate umeme unapozidi uwezo wa waya. Kwa kuwa kila betri ina nguvu yake, waya huo unatakiwa kulindwa pande zote mbili.

Ziko breka ambazo hukaa zimekata mpaka mtu abonyeze kitufe. Nyingine hujirudisha zenyewe: kipande cha metali ndani yake hupata joto, hujikunja na kukata umeme, kisha kikipoa huunganisha tena. Hizi za pili ndizo zinazosumbua zaidi, kwani zinaweza kukata na kuunganisha safari nzima bila dereva kujua. Dalili pekee huwa ni betri ya pili kutojaa.

Namna ya kupima

Mita ya kawaida ya volti inatosha. Katika mfumo wa volti 12, betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kwa kawaida husoma kati ya 13.8 na 14.4. Fundi aweke waya hasi wa mita kwenye bodi ya gari, injini ikiwaka, apime ncha moja ya breka kisha ya pili. Ncha zote zikisoma 14, breka inapitisha umeme. Upande wa alteneta ukisoma 14 na upande wa betri ya pili ukabaki 12, umeme umekatwa hapo. Tofauti ya nusu volti hivi huashiria nati iliyolegea au kutu. Kama ipo rilei ya kutenganisha betri, nayo ipimwe vivyo hivyo.

Sababu za breka kukata ni chache. Waya unaweza kuwa umechubuka na kugusa bodi, yaani shoti. Nati iliyolegea huzalisha joto, na breka iliyofungwa karibu na injini hupata joto la ziada. Aidha, betri ya pili iliyokwisha kabisa huvuta umeme mwingi mara tu injini inapowashwa. Fundi azime vyombo vyote, kisha awashe kimoja kimoja. Kabla ya kukaza nati, afungue waya hasi wa betri zote mbili.

Hesabu nayo ni rahisi: wati gawanya kwa volti. Friji ya wati 60 hutumia ampea 5. Breka ya ampea 30 ikikata kwa mzigo huo, tatizo si friji peke yake.

Kosa la gharama kubwa ni kutoa breka ya ampea 30 na kufunga ya 60 ili "isisumbue". Waya hubaki ule ule. Shoti ikitokea, waya ndio utakaoungua kabla ya breka kukata, na gari lote linaweza kuteketea. Vilevile, breka ya nyumbani iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi pekee haifai kwa betri, kwa kuwa cheche za umeme wa betri ni ngumu kuzimika.

Kwa mwekezaji anayenunua gari lililotumika, ukaguzi huu ufanyike kabla ya kulipa. Asome ampea zilizoandikwa kwenye breka, amwombe fundi azilinganishe na unene wa waya, na aulize kwa nini breka ilibadilishwa. Muuzaji asiye na jibu ampunguzie bei, au mnunuzi aangalie gari jingine.